Mguu wa Kushoto wa Jaafar

Jaafar alianguka mara ya kwanza siku ya Ijumaa, nje ya msikiti wa Bongwe, watu wakiwa wanatoka kusali. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja akijaribu kuvaa kiatu, na mara akajikuta amekaa juu ya viatu vya wenzake, kofia imemshukia machoni. Watu wawili wakamwinua.

"Pole, Mzee Jaafar. Umeteleza?"

Akasema ndiyo, ameteleza. Lakini sakafu ilikuwa kavu, na yeye mwenyewe aliiona.

Baada ya hapo yakafuata mengine madogo madogo. Akiingia chumbani, bega lake la kushoto lilikuwa likigonga mwimo wa mlango, naye hugeuka akautazama mlango kama uliosogezwa. Akiinuka kutoka kwenye sijda, alilazimika kuweka mkono chini. Siku moja alipepesuka akiwa amebeba ndoo ya maji, akailowesha kanzu yake yote, na mkewe Twaiba alimwona.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa ukwezi, yaani kupanda minazi na kuangua nazi, kuanzia mashamba ya Bongwe hadi kwenye nyumba za wageni za Diani, ambako wenyewe hawataki nazi iwashukie wageni vichwani. Alipanda minazi ishirini kwa siku, panga kiunoni, na hakuwahi kuanguka hata mara moja. Miaka minne nyuma Twaiba alimwomba aache kazi hiyo kabla haijamuua. Akaacha. Nyumba moja ya wageni aliyokuwa akiiangulia nazi ikamwajiri ubawabu, ikampa sare, kibanda chenye kivuli na kiti cha plastiki. Akakaa.

Hilo ndilo lililokuwa likimchanganya. Mtu aliyezoea kujishikilia kileleni kwa mkono mmoja, mnazi ukiyumba kwa upepo, anaangukaje kwenye sakafu ya msikiti?

Jambo lenyewe lilimpata vibaya kazini, saa tatu ya asubuhi. Gari la wageni lilipiga honi, naye akatoka kibandani kwa haraka kwenda kufungua geti. Mguu wa kushoto ukachelewa. Hivyo ndivyo alivyouhisi: umechelewa, kama mtu anayeitwa akaitika baada ya kitambo. Akaenda upande upande, hatua nne au tano, mpaka akaishia ndani ya ua wa michongoma. Wageni walishusha kioo wakamtazama. Dereva akacheka.

Katana, msimamizi wa pale, akamwita ofisini. Alikuwa kijana wa umri wa watoto wake, na siku zote alimwamkia kwa adabu. Siku hiyo alisimama karibu naye kuliko kawaida.

"Mzee Jaafar, mimi nakuheshimu kama baba yangu. Niambie ukweli tu. Asubuhi hii umeonja kitu?"

"Nimekunywa chai kwa muhogo."

"Sisemi chai, mzee."

Ilimchukua Jaafar muda kuelewa kwa nini pua ya kijana yule ilikuwa inatafuta tafuta hewani.

"Tembo la mnazi? Mimi ninywe pombe, Katana?"

"Wageni wamekuona ukiyumba. Na watu walioshinda minazini…"

"Mimi nilikuwa mkwezi, sikuwa mgema wa tembo. Tone moja halijapita hapa kooni."

"Sawa. Basi ni nini?"

Laiti Jaafar angekuwa na homa, au kidonda mguuni, au umri wa miaka themanini, angekuwa na kitu cha kushika.

"Sijui," alisema.

Katana alikuna shingo, akamwambia apumzike nyumbani hadi atakapoleta barua ya daktari.

Alipofika Bongwe, Twaiba alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi ya mchuzi. Jaafar alimweleza kwamba amerudishwa nyumbani kwa sababu ya kule kuyumba, lakini aliona haya kutaja tembo. Twaiba hakuinua uso.

"Baba Sufyan, umeanza lini?"

"Nimeanza nini?"

"Mimi sikulaumu. Nataka kujua lini tu."

Jaafar alidhani anaulizwa habari za kuyumba, akafikiri kidogo.

"Yapata miezi miwili."

Mkono wa Twaiba ukasimama juu ya nazi. "Miezi miwili," alirudia polepole, kisha akaendelea kukuna. Hakuuliza tena, na Jaafar alishangaa kwamba jambo kubwa kama lile limemtosha kwa swali moja.

Hospitali ya Msambweni alikwenda peke yake. Walimpima damu, sukari na presha. Wakamwangalia macho, wakamwangalia masikio, wakamgonga magoti kwa kinyundo cha mpira, wakampapasa nyayo kwa pamba huku amefumba macho na kumwuliza anahisi wapi. Alirudi tena siku ya tatu kupokea majibu. Daktari alikuwa mtu mchangamfu.

"Mzee, mshukuru Mungu. Kila kitu ni kizuri."

"Kwa hiyo siumwi?"

"Hatuoni ugonjwa."

"Na mbona naanguka?"

Daktari akaandika karatasi fupi, akamwelekeza chumba cha mwisho kwenye ile baraza ndefu. Jaafar alitembea huku ameshika ukuta. Moyoni angefurahi zaidi kama wangemkuta na ugonjwa, hata mdogo.

Chumba cha mwisho kilikuwa na magodoro sakafuni, mipira mikubwa na ngazi ya mbao yenye vidato vitatu isiyokwenda popote. Aliyekuwamo alikuwa mwanamke kijana aitwaye Mbodze, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye dawa?"

"Hapa hatuna dawa. Naomba uvue viatu."

Alimkalisha kwenye kiti kisicho na mikono, akamwambia akunje mikono kifuani kisha ainuke. Jaafar alijaribu. Akajaribu tena. Mara ya tatu aliegemea upande wa kulia na kufungua mikono, akainuka. Mbodze akamwambia asimame kwa mguu wa kulia. Alisimama sekunde kumi na moja. Akamwambia asimame kwa wa kushoto, na kabla Mbodze hajamaliza kuhesabu mbili, Jaafar alikuwa ameshadakwa kwapani. Kisha Mbodze akachukua utepe wa fundi cherehani, akapima mapaja. La kushoto lilikuwa limepungua kwa sentimita tatu.

"Yanakula chakula kimoja," alisema Jaafar akiyatazama mapaja yake.

"Ulifanya kazi gani?"

Akamweleza. Mbodze akamwomba amwonyeshe pale pale ukutani jinsi alivyokuwa akipanda. Jaafar akainua mguu wa kulia kwenye kata, lile pengo la kukanyagia, ya mnazi usiokuwapo, akasukuma, wa kushoto ukafuata na kutulia chini yake.

"Kila mara wa kulia ndio unaosukuma?"

"Kila mara. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Na miaka hii minne umefanya nini?"

"Nimekaa."

"Kitini ukiinuka, huinuka kwa kutumia nini?"

Jaafar hakuwahi kuulizwa swali la namna hiyo. Alifikiri. "Kwa mkono. Na kwa mguu wa kulia."

"Basi wa kushoto hauna kazi siku nyingi, baba. Ulipokuwa ukikwea hukuona tofauti, maana kila siku mwili mzima ulifanya kazi, na mikono ilikuwa imeshika. Ulipokaa, misuli yote imepungua, ya kushoto zaidi. Tena si nguvu peke yake. Ukitaka kuanguka, unyayo hupeleka habari, na misuli ya mguu na kiuno hujibu kwa pamoja kabla hujafikiri. Misuli isipozoezwa, majibu huchelewa."

"Huchelewa!" Jaafar karibu apige makofi. "Hivyo hasa. Mguu unachelewa."

Lakini furaha ya kueleweka haikudumu. Alipewa karatasi yenye picha za mtu asiye na uso. Picha ya kwanza mtu anainuka kitini amekunja mikono. Ya pili amesimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Nyingine anatembea, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, kama anayepita juu ya kamba. Afanye asubuhi na jioni, alisema Mbodze, awe karibu na kitu cha kushika na mtu wa kumtazama, na arudi baada ya wiki sita.

"Na baada ya wiki sita?"

"Utaendelea kila siku."

"Hadi lini?"

"Hakuna hadi lini, baba. Ni kila siku tu."

Akatoka na karatasi yake mkononi. Hakuwa mgonjwa, na hata hivyo alikuwa ameandikiwa matibabu yasiyo na mwisho. Njia nzima kutoka Msambweni aliligeuza jambo hilo kichwani bila kulipatia upande wa juu.

"Wamekupa nini?" Twaiba aliuliza.

"Wamenipa picha."

Alianza kesho yake barazani, mkono karibu na nguzo. Siku ya pili mapaja yalimuuma hata akashindwa kuchutama. Siku ya nne jirani alisimama njiani, akamtazama alivyosimama kwa mguu mmoja, akamwuliza kwa upole kama anamngojea mtu. Siku ya tano alifikisha sekunde sita kwa mguu wa kushoto, akajiona amepona. Siku ya sita akafikisha tatu. Hesabu gani hiyo, inayopanda na kushuka bila sababu? Siku ya tisa aliikunja karatasi akaiweka chini ya godoro.

Twaiba ndiye aliyeitoa. Siku tano baadaye, baada ya sala ya alasiri, aliweka kiti barazani, akakaa mkekani, karatasi mapajani.

"Njoo nikuhesabie."

"Mguu ni wangu, Mama Sufyan."

"Ni wako. Njoo."

Jaafar hakuelewa hamu ile ilitoka wapi. Twaiba alimsimamia kama mwalimu wa chuo cha Kurani: akikosea alimrudisha mwanzo, akitaka kuacha alimwambia kwa sauti ya huruma, "Vumilia, utashinda tu, wengine wameweza." Wengine gani? Jioni moja, kwa hasira, alimwambia ajaribu yeye. Twaiba akafunga leso vizuri, akainua mguu, akasimama kama jiti lililochimbiwa, hata Jaafar akachoka kuhesabu.

"Umejifunza wapi?"

"Nijifunze nini? Mchana kutwa nainama nainuka, nachota maji, nalima. Mimi nimekaa lini?"

Wiki ya nne, dada yake Twaiba, Fauzia, akaja kutoka Kikoneni bila taarifa. Alikuwa mkubwa wao, mwanamke mzito wa maneno, na alipokwisha kunywa maji alimwomba Jaafar waketi ukumbini.

"Shemeji, sikuja kukuaibisha. Nimekuja kukuomba ukiache kitu hicho."

Jaafar aliona haya. Alijua majirani wanasema juu ya kusimama kwake kwa mguu mmoja, lakini hakufikiri kwamba maneno yametembea hivyo.

"Kumbe habari zimefika hadi Kikoneni?"

"Zimefika. Na umri huu, shemeji, mwili hauwezi tena."

"Mwanzoni ndiyo. Unauma kila mahali. Lakini ukizoea, unaona raha."

Fauzia akajishika kifua. "Unaona raha?"

"Wallahi. Na siwezi kuacha, nimeambiwa ni kila siku."

"Nani kakwambia?"

"Daktari wa Msambweni. Asubuhi kumi, jioni kumi. Jana nimefikisha kumi na tano."

"Kumi na tano! Subhanallah! Na Twaiba anajua?"

"Twaiba ndiye anayenihesabia."

Fauzia akageuka. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni na sinia la mahamri, uso umemshuka.

"Twaiba, umenipigia simu ukilia mumeo anakunywa tembo, kumbe wewe ndiwe unayemhesabia vikombe?"

"Vikombe gani?" alisema Jaafar.

Akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, na yale ya wiki nne yakaanza kujipanga kichwani mwake moja baada ya jingine.

"Nilikuuliza umeanza lini," Twaiba alisema kwa sauti ndogo. "Ukaniambia miezi miwili."

"Kuyumba! Miezi miwili ya kuyumba!"

"Mimi nilijuaje?"

"Na hizi picha? Na huku kunihesabia?"

"Nilidhani ndivyo wanavyowaachisha walevi siku hizi."

Fauzia aliangua kicheko, kisha akakikata kwa sababu Jaafar hakucheka. Jaafar aliinuka, akatoka, akaenda kukaa nyuma ya nyumba hadi adhana ya magharibi. Maneno ya Katana yalimwudhi, lakini Katana ni mtu wa kazini. Huyu amelala naye kitanda kimoja miaka thelathini.

Kwa siku mbili hakusema na mkewe. Hata hivyo baada ya alasiri Twaiba alikuwa akitoa kiti, naye alikuwa akija, kwa kuwa Mbodze alisema kila siku na hakutaja siku za kununa. Hayo ndiyo yakawa mazungumzo pekee nyumbani mwao: moja, mbili, tatu, nne. Siku ya tatu alisimama kwa mguu wa kushoto, mikono wazi, macho kwenye mti wa mwarobaini wa jirani. Kifundo kilitetemeka, kikatulia, kikatetemeka tena. Alipotua chini hakuweza kujizuia.

"Umefika ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Umeruka."

"Sikuruka. Nimehesabu moja moja."

Jaafar akakaa kitini, akafuta jasho. Twaiba alikuwa akiichezea ncha ya karatasi.

"Nisamehe, Baba Sufyan. Nilikuwa nikinusa nguo zako kila siku kabla ya kufua. Sikupata kitu hata siku moja, na bado niliamini. Mimi mwenyewe sijielewi."

Jaafar alikumbuka jinsi alivyoficha habari za Katana, na kwamba laiti angetaja neno tembo siku ile ile, pengine yote haya yasingetokea.

"Na mimi nilikwambia nusu nikameza nusu," alisema. "Sasa hesabu mguu wa kulia."

Alipotimiza wiki sita alirudi Msambweni, safari hii na Twaiba. Aliinuka kitini mikono imekunjwa, mara tano mfululizo. Paja la kushoto lilikuwa limeongezeka sentimita moja. Lakini aliposimama kwa mguu wa kushoto alifikisha kumi na nne tu.

"Nyumbani nimefika ishirini na mbili! Nina shahidi, huyu hapa."

"Naamini," Mbodze alisema. "Leo umechoka na safari, chumba ni kigeni. Hesabu haitapanda kila siku, baba. Usitazame siku moja, tazama mwezi. Ila ukiacha, itarudi kule kule."

Akamwandikia barua. Katana aliisoma amesimama, kisha akaketi akaisoma tena.

"Hapa wameandika huna ugonjwa."

"Ndiyo."

"Kisha wameandika uendelee na matibabu."

"Ya mazoezi."

"Matibabu ya ugonjwa gani?"

"Hakuna."

Katana akaigeuza karatasi kutazama kama kuna maneno nyuma. "Kwa hiyo ulikuwa ukiumwa, au hukuumwa?"

"Mimi nimekaa na jambo hili wiki sita, wewe una dakika mbili nalo. Usiharakishe."

Katana aliikunja barua, akaitia kwenye faili, na macho yake yakawa hayana pa kutua.

"Nilikunusa, mzee."

"Ulininusa."

"Naomba radhi."

"Yamekwisha. Lakini kile kiti nisogezee mbali na geti. Nitakaa nikichoka. Na ule ua wa nyuma hadi ufukweni, nani huuzungukia?"

"Hakuna anayeuzungukia."

"Nitauzungukia mimi, kila baada ya saa moja."

Katana hakuelewa na hilo pia, lakini alikubali haraka.

Asubuhi ya kwanza Jaafar alizunguka mara nne. Sehemu ngumu ilikuwa pale ua unapokutana na mchanga, ambapo unyayo huzama na ardhi hubadilika kila hatua. Katika mzunguko wa nne mguu wa kushoto uliingia shimo la kaa, mwili ukainama upande, na kabla hajajua la kufanya alikuwa wima tena. Alisimama. Hakukumbuka kusukuma, hakukumbuka kushika kitu. Wageni wawili waliokuwa wakinywa chai barazani walimwona bawabu mwenye sare akilitazama shimo, kisha mguu wake, kisha shimo tena. Akalipita kwa mara ya pili, makusudi, apate kuona jinsi mguu ulivyowahi, lakini safari hiyo mguu ulipita kama kawaida na haukumwonyesha chochote. Akajikung'uta mchanga, akaendelea na zamu yake.